Geji ya Mjomba Peku

Tarehe 9 Februari

Kwako mpwa wangu Spana,

Salamu nyingi, za kujaza karai. Sisi hatujambo, ila yale ya kila siku. Mama yako goti linamsumbua lakini mdomo wake mzima. Jana kanigombeza mbele za watu eti nimesimama mlangoni kwake namkatia mwanga. Yaani dada yangu huyu ataniona mtoto mpaka tuzikane. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula. Lile paa la jikoni tulilokuwa tunaogopa litaanguka limeshaanguka, kwa hiyo hatuliogopi tena.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulinikatiza mpaka nikasahau nilichopigia. Barua haimkatizi mtu. Ukitaka kubisha, bishana na karatasi.

Haya, neno lenyewe. Pikapu letu Nyumbu kaunguza giaboksi tena. Ya pili hii tangu uondoke. Tulikuwa tunapandisha mabati ya yule mwalimu anayejenga kule juu mlimani, kufika kona ya tatu ikaanza kusita. Injini inalia, gari haliendi, mara harufu. Unaijua ile harufu. Pikapu ya dizeli ina nguvu za kusukuma nyumba, lakini giaboksi yake ya otomatiki ina roho ya kifaranga. Oili ilikuwa nyeusi tii. Fundi ameifumua na kuifunga upya, na mimi muda wote huo nimekaa nyumbani kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Mimi na kukaa wapi na wapi? Nimezunguka uani mpaka kuku wananikimbia. Mkaza mjomba wako amesema nikiendelea atanifunga kamba.

Nataka unitafutie geji ya joto la giaboksi, na sensa yake. Iwe kubwa, namba zisomeke, na kama ziko zenye kengele, basi yenye kengele. Usiniulize maswali, tafuta tu.

Na wewe utakuja lini?

Ni mimi mjomba wako,
Peku


Tarehe 26 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisomea gereji nimekalia giaboksi ya watu. Bosi akadhani nalia, kumbe nawacheka kuku wako. Mimi mzima, nakula, mwambie mkaza mjomba asihangaike. Nimehama chumba. Kile cha zamani mwenye nyumba alikuwa anakuja kusikiliza bomba tunavyofungua maji. Hiki kipya dirisha lake linaangalia ukuta, lakini angalau ukuta haunisemeshi. Kwenye kifurushi kuna dawa ya Mama ya goti. Ni ya kupaka. Namjua, mwambie ni ya kupaka.

Umesema nisiulize maswali. Nauliza.

Mtu ambaye mji mzima unamwita Peku kwa kuendesha gari miguu mitupu, mtu aliyekuwa anamwambia kila fundi kwamba geji ni za watu wasiolijua gari lao, leo anataka geji tena yenye kengele? Kwani nimesahau? Nyumbu ni otomatiki, mguu wa kushoto hauna kazi, wewe ukautafutia kazi. Unaulaza kwenye bati la sakafu, ubavuni mwa giaboksi, unapima joto kwa unyayo. Bati likiwa vuguvugu, twende. Likianza kuuma unasimama kwenye kona, mkaza mjomba anaruka na kigingi chake, anakitia nyuma ya tairi, tunakaa mpaka lipoe. Nilikuwa nakaa katikati yenu na madaftari ya shule mapajani, nakuona ukikunja uso, najua tunasimama. Miaka yote hiyo hukuunguza hata giaboksi moja. Nikiwahadithia mafundi wa hapa wanasema Spana anatunga. Sasa mbili mfululizo. Mguu umekwenda likizo?

Geji hiyo hapo, kubwa kama kisahani. Sensa usiifunge kwenye bomba linalorudi kutoka kwenye rejeta ndogo, maana hapo oili imeshapoa, itakudanganya. Fundi amwage oili, ashushe sampo, lile bakuli la oili la chini, atoboe tundu ubavuni, chini ya usawa wa oili, achomelee ile nati niliyoifunga kwenye kitambaa. Sensa inaingia humo. Waya upitishe mbali na bomba la moshi, uufunge kila pahala usicheze. Umeme wa geji utoke kwenye swichi kupitia fyuzi, usije ukaunganisha kienyeji. Geji yenyewe weka kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dirisha lako. Sindano ikiwa kati ya nyuzi themanini na tisini na tano, kula maisha. Ikipita mia na kumi, punguza mwendo. Mia na ishirini kengele inalia, na ikilia unasimama, mjomba. Siyo unamalizia mlima kwanza. Unasimama.

Mpwa wako,
Spana

Bado nangoja habari za mguu.


Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zimerundikana. Nikikaa nyumbani napigiwa simu, nikienda napigiwa simu niko wapi. Mama yako dawa ameipaka na imemfaa, ila anasema inanuka, na kila anayeingia lazima ainuse athibitishe. Jikoni tumeezeka upya. Mabati yalibaki kwa yule mwalimu akatugawia, mtu wa watu yule.

Geji imefungwa. Fundi alichomelea nati yako akaondoka, mazishi yakamwita, na mimi wa kumngoja mtu ndiyo mimi? Nimemalizia mwenyewe, mkaza mjomba wako akinimulikia tochi kule chini ya gari. Tukagombana vizuri sana. Nikisema kushoto anamulika kulia, nikisema kulia anauliza kulia kwangu au kwako. Sensa ilianza kuvuja oili tone tone, nikaitoa, nikafanya ufundi wangu, ikakauka kabisa. Waya nimeupitisha kama ulivyosema. Na nguzo imependeza, gari linaonekana la mtu mkubwa.

Sasa sikiliza ujifunze. Nimepanda mlima na tofali, gari limejaa mpaka linanung'unika, na sindano haijanyanyuka hata kidogo! Imelala chini pale pale kwenye baridi, inanitazama. Kumbe giaboksi hii mpya ni jiwe. Nimempigia honi fundi nilipompita. Wiki ijayo napeleka saruji na mafundi wajenzi wenyewe nyuma, safari mbili kwa siku.

Utakuja lini? Hukujibu.

Peku


Tarehe 8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, salamu zitafuata baadaye. USIPANDE MLIMA NA GARI HILO.

Sindano isiyonyanyuka siyo baridi. Imekufa. Hakuna giaboksi duniani inayopanda mlima na tofali ikabaki baridi kama maji ya mtungi. Nimekupigia simu, imezimwa. Nimempigia Mama, amekufuata mpaka kwako na goti lake, ukamjibu nini? "Mwambie aandike." Ninaandika!

Huo ufundi wako wa kuzuia oili isivuje, niambie siyo ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Niambie hukuzungushia utepe kwenye zile nyuzi za kukazia sensa. Sensa ile ina waya mmoja tu. Njia ya pili ya umeme ni mwili wake kugusa chuma cha gari. Ukiivisha utepe umeikata njia, na geji itasoma baridi mpaka siku ya kiyama. Ni kosa langu kutokukuonya, hapa hakuna anayefanya hivyo. Itoe, vua utepe wote, safisha nyuzi mpaka zing'ae, tia ile gundi ya kuzuia oili niliyokuwekea kwenye kifurushi cha geji, kidogo, mwanzoni tu mwa nyuzi. Kisha washa gari likiwa limesimama, lingurume kwa muda, uione sindano inasogea. Isiposogea huendi popote.

Sijatulia tangu barua yako ifike. Leo nimefunga giaboksi ya mteja nikasahau kutia oili, bosi kaniuliza kama nina mahaba. Nikamwambia nina mjomba.

Mama ameniambia jambo jingine. Anasema siku hizi unaendesha na viatu. Wewe. Viatu.

Spana


Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Salamu zako za kupiga kelele zimefika. Barua yenyewe ilikaa ofisi ya mabasi, hakuna aliyesema iko pale. Mkaza mjomba wako hajambo. Mama yako amenuna kwa kutembezwa na goti, nimempelekea mkungu wa ndizi, ndizi amezichukua na kununa anaendelea.

Ulikuwa utepe. Haya, cheka. Nilizungusha mpaka nikaona sasa hapa hata maji ya gharika hayapiti. Ilipofika barua yako nilikuwa nimeshajua mwenyewe, maana tulishapanda.

Tulikuwa na saruji na wajenzi wanne nyuma wanaimba. Sindano imelala. Mkaza mjomba wako akaanza kunusa hewani. Nikamwambia acha kunusa, geji inasema baridi. Akaniambia geji haina pua. Kufika kona ya tatu akapiga kelele, "Simama!" Nikasimama, akashuka na kigingi. Moshi chini, oili imefurika na kumwagika njiani. Hatukuunguza, tulikuwa karibu sana lakini hatukuunguza. Tukapanda kwa miguu tukalala na njaa kwenye jengo la mwalimu, asubuhi tukatia oili mpya tukarudi.

La kuchekesha ni hili. Naondoa mguu wa kushoto nishuke, kiatu kinagoma. Navuta, mguu unatoka, kiatu kinabaki! Soli ya raba imeyeyuka imegandana na bati, ikabidi tuibandue na bisibisi. Wajenzi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Sasa jina jipya ninalo, wananiita Kiatu.

Utepe nimevua, gundi nimetia. Sindano inapanda na kushuka vizuri, nimeihakikisha. Kengele nayo inalia, ina sauti ya mbuzi. Kazi imekwisha, tulia sasa.

Peku


Tarehe 14 Mei

Shikamoo mjomba,

Nimesoma barua yako nikafika kwenye kiatu, sikucheka. Niliisoma tena nimesimama. Nikatoka nje, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi, nikaisoma tena.

Raba haiyeyuki ghafla. Bati lilikuwa la moto wa kukaangia, na mguu wako ulikuwa juu yake, kona baada ya kona. Mguu huu huu ambao zamani ulikuwa unatambua joto kabla ya mtu yeyote, leo unaambiwa na kiatu? Nimempigia Mama nikamuuliza polepole. Kaniambia una kidonda kisiginoni ambacho unadai ni ndala. Kaniambia unakunywa maji hulali, unatoka na kurudi usiku kucha. Haya ya maji yeye alidhani ni uzee wa kawaida.

Kwa hiyo nimejua kwa nini ulitaka geji. Mguu wa kushoto umekufa ganzi. Hukutaka geji kwa ajili ya Nyumbu, ulitaka iusemee mguu. Na sikulaumu kwa hilo, hata kidogo. Ni akili nzuri. Geji ya kushoto imeharibika, umeweka nyingine.

Ila mjomba, nina swali moja tu, na unijibu neno moja, sitaki kona. Mguu wa kulia je?

Maana huo ndio unaokanyaga mafuta, ndio unaokanyaga breki. Huo hauna sensa ninayoweza kukutumia. Nyuma umepakia watu wanaimba, na pembeni yako amekaa mkaza mjomba.

Nenda hospitali wapime sukari. Ni tone la damu, wala halitakuchelewesha kazi. Ulikuwa unaniambia mficha maradhi kilio humuumbua, nikificha jino. Hilo lilikuwa jino tu.

Neno moja. Wa kulia je?

Spana


Tarehe 1 Juni

Spana,

Salamu. Mvua zimekatika. Kuku mmoja katotoa, vifaranga wote wazima. Mama yako hajambo. Geji inafanya kazi vizuri, jana ilifika mia na tano pale kona ya tatu, nikapunguza, ikateremka. Njia ya juu imechongwa upya lakini bado mbaya.

Kuhusu miguu, miguu ni yangu. Nimeendesha gari wewe hujazaliwa. Nilikuomba geji, sikukuomba udaktari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu hapa bado ni mimi.

Wewe unayejua yote hujajua siku ya kuja kuwaona watu wako.

Peku

Mwanangu, naandika hapa chini haraka kabla hajarudi kutoka kunywa maji yake, maana bahasha napeleka mimi. Siku hizi anaangalia chini kabla ya kukanyaga breki. Mimi, mkaza mjomba wako.


Tarehe 20 Juni

Shikamoo mjomba,

Nawasalimu wote. Mama nimemtumia dawa nyingine isiyonuka. Vifaranga nimewafurahia kwa kweli.

Jibu la mguu wa kulia nimelipata, ingawa hukuliandika. Sitaki ugombane na mtu kwa hilo. Mimi ningejua tu.

Umeniuliza utakuja lini, barua baada ya barua, na kila mara nimepiga chenga. Nitakujibu sasa, kwa sababu ukinyamaza wewe na nikinyamaza mimi hatutafika. Likizo ninayo. Nauli ninayo. Sijaja kwa sababu nikija itabidi nikunyang'anye funguo. Nimeijaribu kichwani mara nyingi. Naingia uani, unatoka kunilaki, unanirushia funguo kama zamani uniambie nikamgeuze Nyumbu, na mimi nazitia mfukoni sizirudishi. Halafu nini? Wewe ndiye uliyenipa funguo za gari mara ya kwanza. Watu walisema msichana atakuvunjia gari, ukasema gari ni chuma, litachomelewa. Baba alipotukimbia ni mlima ule ulionisomesha, mfuko kwa mfuko wa saruji. Nikunyang'anye mimi? Naogopa, mjomba. Naogopa uso wako zaidi ya ninavyoogopa bosi na mwenye nyumba na mlima. Lakini siku hizi nikisikia simu inalia naogopa zaidi.

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwako halijafa. Tafadhali. Umeelewa joto kwa unyayo miaka yote, elewa na hili.

Mpwa wako anayekupenda,
Spana


Tarehe 3 Agosti

Kwako mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, na ile ya barua iliyopita pia, sikuiitikia. Wote tunapumua. Naanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa. Mama yako goti limepoa, ananizungumzisha tena, na sijui kama ni heri.

Barua yako niliiweka mfuko wa shati. Nilisema sijibu. Ikawa inanikera hapo kifuani, nikiinama inachakarika. Nikaenda nayo mlimani.

Tulikuwa na nondo, na wajenzi watatu. Geji yako, Spana, ilifanya kazi yake. Ilipanda mia, mia na kumi, pale kona ya tatu kengele ikalia kama mbuzi. Nikasema mtoto ameniambia nisimame, nasimama. Nikatoa mguu kwenye mafuta nikakanyaga breki. Nilikanyaga kwa nguvu zote. Gari likaanza kurudi nyuma. Nakanyaga, linarudi. Ndipo nikatazama chini, nikauona mguu wangu. Umekanyaga sakafu pembeni mwa breki. Nalikanyaga bati la gari na naapa, mtoto wa dada yangu, mimi nilijua niko kwenye breki.

Mkaza mjomba wako alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Nyumbu akaserereka, akasimama, tairi la nyuma liko pale panapoanzia korongo. Hakuniangalia. Akashuka na kigingi, akakipiga nyuma ya tairi, akawashusha wale vijana mmoja mmoja kama anashusha mayai. Hakuna aliyeumia.

Mimi nilibaki nimeshika usukani. Nilikuwa nalia, nakuambia wewe maana yeye alishaona. Akazunguka gari, akafungua mlango wangu. Nilidhani atasema yale yote aliyonayo, na anayo mengi, ana haki. Akasema neno moja.

"Sogea."

Nikasogea.

Leseni anayo siku nyingi, wewe unajua, ila nilikuwa namwachia Nyumbu siku za kuoshwa tu. Basi akasubiri sindano iteremke, akamgeuza pale kwenye kona, mahali ambapo mimi huwa nakwenda mbele na nyuma mara tano. Yeye mara tatu. Akatushusha mpaka hospitali, nondo zikiwa bado nyuma, hakupitia hata nyumbani.

Ni sukari. Ulikuwa unajua. Daktari anasema imenikaa siku nyingi, imekula hisia za miguu yote miwili, na kidonda cha kisigino ningekichelewesha kidogo wangekata. Hawatakata. Napewa dawa, nimekatazwa vitu vyote vinavyonipendeza, na kila asubuhi mkaza mjomba wako ananikagua nyayo kama mtu anayetafuta msumari kwenye tairi. Kuhusu kuendesha sikumuuliza daktari. Nilikuwa nimeshasogea.

Nyumbu hajalala. Anapanda mlima kama kawaida, dereva ni yule mama na watu wameanza kumwita Dereva mbele yangu. Kigingi sasa ni kazi yangu. Nashuka polepole, natazama ninapokanyaga, nakitia. Anaendesha vizuri, ila ukimwambia niliandika hivyo nitakataa.

Sasa nina tatizo la ufundi. Geji tuliifunga kwenye nguzo ya upande wa dereva. Nikikaa upande wangu siioni. Naegemea kuichungulia, naishia mapajani mwa dereva, ananiambia kaa kwako. Yeye haiangalii, anasema ana pua. Mimi siwezi kukaa kwenye gari lile bila kujua joto lake, Spana, miguu haiwezi kutulia hata kama haisikii. Nataka tuihamishie kwenye nguzo ya upande wa abiria, mbele ya kiti changu. Kazi ya kupima joto ilikuwa yangu tangu zamani na itabaki yangu.

Waya uliopo haufiki. Kata mwingine mrefu, wa kuvuka gari zima na akiba juu. Utepe sitatumia.

Usiutume kwa basi. Uje nao mkononi. Funguo hutazikuta kwangu, ziko kwa mwenyewe, hakuna cha kunyang'anya.

Ni mimi mjomba wako,
Peku